Kifua si Shamba la Kurithi

Katika majilisi zetu za posa hapa pwani kuna neno moja ambalo likishatamkwa mambo yote husimama. Halitamkwi kwa sauti kubwa. Hunong'onezwa ukumbini baada ya kahawa, na mama mmoja mwenye umri wake: "Nyumba ile ina kifua." Hapo tena hakuna wa kuuliza ni kifua gani, cha nani, wala cha lini. Habari ya mahari hukoma, na kijana huambiwa atazame kwengine.

Neno hilo lilinong'onezwa nyumbani kwetu Mombasa mpwa wangu aliposema kuwa amepata mchumba. Binti ni Mbajuni, na asili ya watu wao ni visiwa vya upande wa Kismayu. Wazee wake walikimbia vita vya Somalia mwaka 1991, wakashuka pwani yetu na kukaa kambi ya Utange, nje kidogo ya Mombasa. Kambi za pwani zilipofungwa katika miaka ya 1990, wakapelekwa Dadaab, kambi ya Hagadera. Huko ndiko binti alikozaliwa, alikosoma na alikokulia. Kwa dini na tabia hakuna aliyemtia ila. Lakini shangazi yake kijana alikuwa amekwisha peleleza: babu wa binti alitibiwa kifua kikuu kambini, mama mtu ana pumu, na binti mwenyewe udogoni kifua kilikuwa kikimlia filimbi.

"Shemeji," aliniambia mama huyo, "wewe ndiye unayeandika magazetini. Nenda ukatazame, kisha urudi utwambie: damu ile ni safi au si safi?"

Nikafunga safari. Haya ninayoyaandika ndiyo majibu niliyorudi nayo. Nimeona niyaweke hapa kwa sababu, msomaji, najua swali lile si la nyumba yetu peke yake.

MJI WA VUMBI

Mtu wa Mombasa aendaye Hagadera hupita Malindi, Garsen na Hola, akiufuata mto Tana juu kwa juu, mpaka avuke daraja na kuingia mji wa Garissa. Kutoka hapo ni nchi kavu, miba na mchanga mwekundu, kiasi cha kilomita 100 mpaka Dadaab. Na Hagadera iko mbele kidogo, upande wa kusini. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1992. Pamoja na Ifo na Dagahaley, ilikusudiwa kuwa makao ya watu 90,000 wote kwa jumla. Mwaka 2011, ukame na vita vilipokutana kule Somalia, idadi ya watu wa Dadaab ilipita 400,000. Tarehe 20 Julai mwaka huo Umoja wa Mataifa ulitangaza rasmi kwamba kusini mwa Somalia kuna baa la njaa. Waliohesabu baadaye walikadiria kuwa watu wapatao 260,000 walikufa, na nusu yao walikuwa watoto wasiotimia miaka mitano.

Wenyeji wangu walinipokea kwa ukarimu ambao ningeukuta Lamu au Siu. Babu alikuwa amekaa juu ya jamvi, kofia ya kazi kichwani, tasbihi mkononi. Kiswahili chake ni cha Kibajuni safi. Nilipomuuliza habari za maradhi yake hakuona haya.

"Nilikohoa mpaka nikatema damu," alisema. "Wasomali hapa huyaita qaaxo. Watu walihama karibu yangu. Nikanywa dawa miezi yote niliyoambiwa, sikuacha hata siku moja, na Mungu akanipa afya. Lakini waliohama, baadhi yao hawajarudi mpaka leo."

Jioni mama wa binti aliingia jikoni kupika. Jiko lilikuwa kibanda cha miti na mabati, hakina dirisha, na mafiga matatu yalikuwa chini. Kuni zikawashwa, na kwa dakika chache nikawa simwoni tena. Namsikia tu akikohoa. Nilitoka nje macho yakinitiririka machozi. Yeye alibaki ndani karibu ya saa nzima. Nikawaza: huyu amepika hivi hivi maisha yake yote, na alipokuwa na mimba ya binti yule pia alipika hivi.

KIFUA HIKI, KIFUA KILE

Kosa la kwanza katika maneno ya shemeji yangu ni kuyatia maradhi mbalimbali katika kapu moja. Kifua kikuu ni maradhi ya kuambukiza. Tarehe 24 Machi 1882 daktari Robert Koch alisimama mbele ya wenziwe mjini Berlin akawaonyesha kijidudu chenyewe. Husafiri kwa pumzi ya mgonjwa anayekohoa, wala hakipiti katika damu ya ukoo. Kikionekana kuandama nyumba moja, ni kwa sababu watu wa nyumba moja hulala chumba kimoja na kuvuta hewa moja. Na kwa kawaida dawa za miezi 6 hukiponya.

Watu wa Kaskazini Mashariki wanalijua jambo hili kuliko wengi wetu. Mwaka 1976 huko Wajir mwanamke wa Kitaliano, Annalena Tonelli, alianzisha mpango ambao baadaye ulitajwa dunia nzima. Wafugaji wa kuhamahama walikuwa wakianza dawa kisha kuhama na ngamia wao kabla ya kupona. Yeye akawaruhusu wajenge vibanda vyao wenyewe karibu na mahali pa matibabu, wakae na jamaa zao mpaka dozi iishe, na kila mmoja ameze dawa mbele ya macho ya mhudumu. Mahali pale pakaitwa manyatta ya Bismillahi. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Nansen ya shirika la wakimbizi, na mwezi Oktoba mwaka huo huo akauawa kwa risasi huko Borama, Somaliland, alikokuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu. Maelfu waliopona kwa njia ile walirudi kwao, wakaoa na kuolewa.

Pumu, kwa upande wake, haiambukizi. Huzibana njia za pumzi, na ni kweli kwamba huonekana zaidi katika baadhi ya koo. Nimonia na mafua makali ni jambo la tatu: kati ya mwaka 2007 na 2010 wataalamu waliwapima wagonjwa wa Dadaab na Kakuma wakakuta virusi vya aina nyingi vya njia ya pumzi, na walioteseka sana ni watoto wadogo.

Hapo shemeji angeweza kuniuliza: "Haya, kifua kikuu ni cha kuambukizwa. Lakini mama ana pumu na binti kifua kilimlia. Hiyo si damu?" Swali hilo lilinipeleka kwenye elimu mpya ambayo sikuitarajia.

HERUFI NA IRABU

Elimu hiyo huitwa epijenetiki. Jina lilitungwa mwaka 1942 na mtaalamu wa Uingereza, Conrad Waddington, ingawa maarifa mengi yaliyomo yamepatikana katika miaka hii ya karibuni. Aliyepita chuoni hatapata taabu kuielewa.

Chukua barua ya kale iliyoandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Mwandishi ameandika be na te peke yake, bila irabu. Utasoma nini? Yaweza kuwa bata, yaweza kuwa bati, yaweza kuwa buti. Herufi ni zile zile. Zinazoamua ni fataha, kasra na dhuma. Na herufi ukiitia sukuni juu yake, hutulia.

Basi mwili wa mwanadamu nao una maandishi. Ndani ya karibu kila seli, yaani vile vijumba vidogo sana ambavyo mwili umejengwa kwavyo, mna uzi uitwao DNA wenye herufi zipatazo bilioni 3. Katika uzi huo mna jeni zipatazo 20,000, na kila jeni ni kama sentensi ya amri: tengeneza hiki, zuia kile. Maandishi ya seli ya pafu ni yale yale ya seli ya jicho. Linalolifanya pafu liwe pafu ni kwamba sentensi nyingine husomwa na nyingine hunyamazishwa. Na mojawapo ya alama zinazonyamazisha ni kipande kidogo cha kemikali kiitwacho methili, ambacho hushikamana na herufi ya DNA. Pale kilipojaa, mara nyingi jeni hukaa kimya. Hiyo ndiyo sukuni ya mwili.

Jambo kubwa ni hili: herufi tumezirithi kwa wazee wetu na hazibadiliki hivi hivi, lakini irabu huweza kuandikwa na maisha. Njaa huandika. Moshi huandika. Maradhi huandika. Na wakati ambao kalamu huandika kwa nguvu zaidi ni miezi ile mtoto anapokuwa tumboni.

NJAA NA MOSHI

Mfano unaotajwa sana ni wa Uholanzi. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 jeshi la Wajerumani lilizuia chakula kuingia miji ya magharibi ya nchi hiyo, na watu wakafa njaa. Wanawake waja wazito walikuwa miongoni mwao. Mwaka 2000 watafiti walitoa taarifa kuhusu watoto wa mimba zile, ambao sasa walikuwa watu wazima wa miaka 50: waliokuwa katika miezi ya mwanzo au ya katikati ya mimba wakati wa njaa walikuwa na maradhi ya kubanwa njia za pumzi zaidi kuliko wenzao. Na mwaka 2008 Bastiaan Heijmans, Lambert Lumey na wenzao walionyesha kuwa watu waliotungwa mimba wakati wa njaa ile, baada ya miaka 60, bado walikuwa na alama za methili zilizo tofauti na za ndugu zao katika jeni inayohusika na kukua kwa mwili.

Tusidhani hayo ni ya Ulaya tu. Hapa hapa Kenya, upande wa kaskazini, Bilinda Straight na wenzake, wakiwamo wataalamu wa Kenya, waliwachunguza watoto wa Wasamburu waliokuwa tumboni wakati wa ukame mkali wa 2008 na 2009. Waliwalinganisha na ndugu zao, wavulana kwa wavulana na wasichana kwa wasichana, ambao hawakukutwa tumboni na ukame ule. Taarifa yao ilitoka mwaka 2024: kwa baadhi ya vipimo vya alama hizo, miili ya watoto wa ukame ilionekana kuzeeka mbele ya umri wao. Baba mmoja, mama mmoja, damu moja. Kilichotofautiana ni mvua.

Kuhusu moshi, uchunguzi wa kina zaidi umefanywa juu ya sigara. Mwaka 2016 ilitoka taarifa kuhusu damu ya watoto wachanga zaidi ya 6,000 wa nchi mbalimbali, na waliozaliwa na mama wavutaji walikuwa na alama zao maalumu, hasa katika jeni inayosaidia mwili kupambana na sumu za moshi. Mtoto hajavuta hata pumzi moja ya dunia hii, na moshi umekwisha mwandika. Kwa moshi wa kuni, huko Kintampo, Ghana, watafiti waliwapima mama waja wazito hewa wanayoivuta wapikapo, kisha wakawapima watoto wao mapafu walipotimia mwezi mmoja. Taarifa ya mwaka 2019 ilisema kwamba mama aliyevuta moshi mwingi zaidi, mtoto wake alikuwa na mapafu dhaifu zaidi, na wasichana ndio walioumia zaidi.

Niliposoma habari hiyo nilikumbuka kile kibanda cha Hagadera na kikohozi cha mama yule. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

JE, ALAMA HUFUTIKA?

Sasa msomaji aweza kusema: kumbe shangazi ana haki, binti yule ameandikwa! Hapana. Elimu hii mtu akiichukua nusu itamdhuru.

Kwanza, irabu si kadari. Alama hizo huongeza au hupunguza uwezekano wa maradhi, hazimhukumu mtu. Wengi waliozaliwa katika njaa ya Uholanzi waliishi na mapafu mazima. Binti mwenyewe nilimwona: anafundisha watoto wa shule, anatembea kwenye mchanga ule tangu asubuhi mpaka adhuhuri, wala hapumui kwa shida.

Pili, ziko alama za kheri. Wengi wetu tuliochanjwa BCG udogoni tuna kovu mkononi. Mwaka 2012 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, akiwamo Mihai Netea, walionyesha kwamba chanjo hiyo huacha alama hata ndani ya seli za ulinzi, zikawa wepesi zaidi kupambana na vijidudu vingine visivyokuwa vya kifua kikuu. Kwa hiyo kalamu ile ile inayoandika madhara huandika na kinga.

Tatu, alama hizi kwa sehemu kubwa hazipiti kwa wajukuu. Mimba inapotungwa, nyingi katika hizo husafishwa na ukurasa huanza upya. Yule babu aliyetema damu, hata kama mwili wake ulibaki na alama, hakumwachia mjukuu wake.

Na alama zake yeye mwenyewe? Hilo nalo limechunguzwa. Mwaka 2020 daktari Andrew DiNardo wa chuo cha Baylor mjini Houston, Marekani, pamoja na wenzake, walitoa taarifa kuhusu wagonjwa wa kifua kikuu. Walikuta methili imejaa kupita kiasi katika jeni ambazo seli za ulinzi huzitumia kupigana, na seli hizo zimelegea. Hata miezi 6 baada ya matibabu kwisha, alama zilikuwa bado zipo. Maana yake ni kwamba aliyepona kifua kikuu anahitaji kutazamwa vizuri zaidi, apate lishe, asikae katika moshi, awahi hospitali akikohoa tena. Haina maana kwamba ahamwe.

Nilimweleza babu habari hizo jioni moja. Akafikiri, kisha akasema: "Basi mimi nilipopona nilihitaji jirani zaidi kuliko nilipougua." Sina la kuongeza juu ya neno hilo.

MAJIBU NYUMBANI

Niliporudi Mombasa shemeji alikuwa akiningoja. Nilimweleza yote, hata habari ya irabu, na yeye aliyesoma chuo miaka mingi aliielewa mbele yangu. Kisha nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimepanga kulisema.

Mama yangu mzazi alikuwa na pumu. Alipikia kuni katika jiko la makuti mpaka uzee wake, na usiku tulikuwa tukimkalisha kitako apate kuvuta pumzi. Mimi mwenyewe hubanwa kila kusi inapoanza. Mpwa wangu, huyo bwana harusi mtarajiwa, alilazwa mara mbili kabla hajaingia shule. Lakini sisi hatukupata kusema kuwa nyumba yetu ina kifua. Tulisema ni baridi, tulisema ni vumbi, tulisema mtoto amelala penye upepo. Cha kwetu tulikiita baridi, na cha wenzetu, waliopitia vita, kambi na njaa, tulikiita damu.

Shemeji alinyamaza kitambo. Niliogopa kuwa nimemvunjia heshima. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha ingia katika mipango: "Na huyo binti akija hapa, akashika mimba, atapika wapi? Katika jiko lile letu la makaa?"

Msomaji, hilo ndilo swali ambalo ingetupasa tuanze nalo. Tuna mazoea ya kuuliza bibi harusi anakuja na nini katika damu yake, na hatuulizi sisi tumemwekea nini katika nyumba yetu. Mama mja mzito anahitaji chakula cha kutosha na hewa safi. Jiko linahitaji dirisha, au liwe nje penye upepo, na mwenye uwezo na anunue la gesi. Mvutaji sigara na atoke nje. Mtoto achanjwe kwa wakati wake, na anayekohoa wiki mbili apelekwe kupimwa bila ya kufichwa. Hayo ni mambo ya kufanywa na mume, mkwe na shangazi, kabla mtoto hajazaliwa. Mja hutenda sababu, na matokeo ni ya Mola.

Posa ilipelekwa, na nikaah ikafungwa mfungo mosi. Babu hakuweza kusafiri, lakini alituma salamu na kofia aliyoidarizi kwa mkono wake. Siku saba kabla ya harusi fundi alikuja nyumbani kwa shemeji akatoboa ukuta wa jiko, akatia dirisha kubwa la kuelekea baharini. Makaa yamebaki kwa ajili ya kuchoma samaki uani. Na shemeji mwenyewe ananiambia kwamba tangu siku ile kikohozi chake cha asubuhi kimepungua.